Tovuti ya Kwanza ya Biashara Ndogo: Dalili za Matatizo na Vyanzo Vyake

Mfanyabiashara wa Kariakoo anapompigia fundi simu na kusema kwamba tovuti yake "imekufa", huenda anaeleza jambo lolote kati ya matano yasiyofanana: jina la tovuti limeisha muda wake, seva imezimika, faili zimeharibika, cheti cha usalama kimepitwa na tarehe, au intaneti ya dukani kwake ndiyo yenye hitilafu. Kila moja lina mhusika wake na dawa yake, na anayeanza kubadilisha mipangilio kabla ya kujua lililotokea kwa kawaida hujikuta ana matatizo mawili badala ya moja.

Kwa hiyo ni lazima kwanza kutenganisha vitu ambavyo mwenye biashara huviona kama kitu kimoja. Jina la kikoa, mathalani linaloishia na .co.tz au .com, hulipiwa kwa msajili, kwa kawaida mwaka hadi mwaka. Nafasi kwenye seva, yaani mahali faili za tovuti zinapokaa, hulipiwa kwa kampuni ya uhifadhi. Rekodi za DNS ndizo zinazoliunganisha jina na seva, na ndizo pia zinazoelekeza barua pepe za biashara ziende wapi. Mtu mmoja anaweza kukuuzia vyote kwa risiti moja, lakini vinabaki kuwa vitu mbalimbali, na kila kimoja huharibika kwa namna yake.

Tovuti haifunguki: je, ni kwa kila mtu?

Kabla ya kumlaumu yeyote, zima Wi-Fi kwenye simu yako na uifungue tovuti kwa bando la mtandao mwingine, kisha umwombe mtu aliye Mbagala au Tegeta, au hata nje ya mkoa, afanye vivyo hivyo. Ikifunguka kwao na isifunguke dukani kwako, seva ni nzima. Chanzo kinachojirudia sana katika hali hii ni simu au kompyuta ya ofisini ambayo bado ina nenosiri la zamani la barua pepe: kila baada ya dakika chache hujaribu kuingia, hukataliwa, na baada ya majaribio kadhaa kinga ya seva huifungia anwani nzima ya IP ya ofisi, yaani namba inayoutambulisha mtandao wa ofisi kwenye intaneti. Kila aliye kwenye Wi-Fi hiyo huiona tovuti kuwa imezimika, huku wateja wakiendelea kuifungua bila shida. Dawa ni kurekebisha nenosiri kwenye kifaa hicho kwanza, ndipo uiombe kampuni ya uhifadhi iifungulie anwani hiyo. Ukianza na la pili, itafungiwa tena siku hiyo hiyo.

Ikiwa tovuti yako haifunguki na tovuti nyingine nyingi za nje ya nchi nazo zinasuasua, tazama habari kabla ya kugusa mipangilio yoyote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo seva iliyoko Ulaya inaweza kuwa nzima kabisa huku mteja wa Temeke akishindwa kuifikia. Hiyo ni hoja mojawapo ya kufikiria uhifadhi wa ndani ya nchi tangu wakati wa kupanga, iwapo karibu wateja wako wote wako hapa. Si hoja ya kuhamisha tovuti kwa pupa katikati ya tukio.

Ikiwa haifunguki kwa yeyote, soma kile ambacho kivinjari kinasema, kwa sababu maneno hayo ndiyo yanayoonyesha pa kwenda. Ujumbe wenye neno NXDOMAIN, au unaosema kwamba anwani ya seva haikupatikana, unahusu jina. Unaosema kwamba muda wa kusubiri umekwisha au kwamba muunganisho umekataliwa unahusu seva. Ukurasa wa kampuni ya uhifadhi unaotangaza kwamba akaunti imesimamishwa mara nyingi unahusu malipo. Namba 500 ina maana kwamba seva iko hai ila programu ya tovuti imeshindwa kufanya kazi, na namba 404 ina maana kwamba ukurasa huo mmoja haupo pale ulipotafutwa, wala si tovuti nzima. Piga picha ya skrini na uitume kwa fundi pamoja na saa ambayo tatizo lilitokea. Taarifa hizo mbili humwezesha kutafuta tukio lenyewe katika kumbukumbu za seva badala ya kubahatisha.

Jina halipatikani

Chanzo cha kwanza ni muda wa jina kuisha. Vikumbusho hutumwa kwa barua pepe, na ikiwa anwani iliyoandikwa siku ya usajili ni ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, hakuna anayevisoma. Kwa jina la .com hali bado inaweza kuokolewa: wasajili wengi hukubali malipo ya kawaida kwa kipindi fulani baada ya tarehe kupita, kisha jina huingia kipindi cha ukombozi cha siku 30 ambacho gharama yake huwa kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, na baada ya hapo yeyote duniani anaweza kulichukua. Majina ya .tz yana taratibu zake; mwenye jina la .co.tz asihesabu siku kwa kanuni za .com, bali awasiliane na msajili wake siku ile ile anapogundua.

Chanzo cha pili huwashangaza wengi kwa sababu tovuti huwa mpya na imelipiwa: inafanya kazi vizuri kwa takriban wiki mbili, kisha inatoweka. Kwa majina ya .com na mengine yanayosimamiwa na kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya kikoa duniani, msajili hutakiwa kuhakiki anwani ya barua pepe au namba ya simu ya mwenye jina ndani ya siku 15, na uhakiki usipofanyika jina linaweza kusimamishwa. Barua ya uhakiki mara nyingi imelala kwenye folda ya taka. Ifungue, ubonyeze kiungo chake, na jina litarudi bila gharama.

Chanzo cha tatu ni uhamisho ambao bado haujatulia. Ukibadilisha rekodi za DNS, baadhi ya watu wataona tovuti mpya na wengine ya zamani, kwa kuwa kila rekodi ina muda wa kukumbukwa unaohesabiwa kwa sekunde: rekodi yenye 86,400 hukumbukwa kwa siku nzima. Siku moja au mbili kabla ya kuhama, punguza muda huo hadi 300, na usiifunge akaunti ya uhifadhi wa zamani mpaka uwe na hakika kwamba hakuna mteja wala barua pepe inayoelekea huko.

Tovuti ipo, lakini huna mamlaka nayo

Hili ndilo tatizo ninaloliona kuwa zito kuliko mengine yote, kwa sababu mengine yana dawa ya kiufundi na hili mara nyingi halina. Dalili zake ni hizi: unataka kubadilisha namba ya simu kwenye tovuti na fundi hapokei, unataka kuhamia kampuni nyingine na unaambiwa kwamba haiwezekani, bei ya mwaka imepanda ghafla bila maelezo, na huwezi kukataa. Ukifuatilia, unakuta kwamba fundi alisajili jina kwa jina lake mwenyewe, kwa barua pepe yake, ndani ya akaunti yake. Si lazima awe na nia mbaya. Mara nyingi ilikuwa njia ya haraka ya kumaliza kazi. Lakini mafundi huhama, huugua, hugombana na wateja wao na huacha kazi hii, na kumbukumbu za usajili haziandiki nani alitoa fedha bali nani ameandikwa kuwa mwenye jina. Ni sawa na duka: anayelipa kodi ya fremu kupitia dalali, bila mkataba wenye jina lake, hana la kuonyesha siku dalali atakapobadilisha kufuli.

Wapo wanaoamini kwamba cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kinatosha kuthibitisha haki yao. Kusajili jina la biashara BRELA na kusajili jina la kikoa ni mambo mawili tofauti. Kufanya la kwanza hakukupi la pili, ingawa cheti hicho kinaweza kuwa kielelezo chenye uzito ukiingia kwenye mgogoro. Kipimo kilicho bora ni hiki: je, unaweza leo kuingia kwenye akaunti ya msajili kwa nenosiri lako, bila kumpigia mtu simu, na ukakuta jina lako au la kampuni yako katika nafasi ya mwenye jina? Ikiwa jibu ni hapana, tatizo lipo tayari hata kama tovuti inafunguka vizuri.

Litatuliwe wakati uhusiano ungali mzuri. Mwombe fundi kwa maandishi abadilishe taarifa za mwenye jina, au alifungue jina na akupe msimbo wa kuhamisha ili ulipeleke kwenye akaunti yako; kwa jina la .com fahamu kwamba uhamisho unaweza kuzuiliwa katika siku 60 za mwanzo baada ya usajili au baada ya uhamisho uliotangulia. Kama kuna deni, lilipe na upate risiti kabla ya kudai chochote. Kama fundi hapatikani kabisa, kusanya risiti, ujumbe wa malipo ya simu, makubaliano na cheti cha biashara, uvipeleke kwa msajili na kuomba utaratibu wake wa migogoro. Vielelezo hivyo havikuhakikishii ushindi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba sharti la jina kusajiliwa kwa mwenye biashara liandikwe kwenye makubaliano ya kazi kabla ya malipo ya awali kutolewa.

Barua pepe ya akaunti ya msajili nayo isiwe ya jina hilo hilo. Ikiwa akaunti inatumia anwani inayoishia na jina la duka lako, siku jina litakapozimika barua pepe nayo itazimika, na hutaweza kupokea kiungo cha kubadilisha nenosiri ili uingie na kulilipia.

Kivinjari kinaonya kwamba tovuti si salama

Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huandika kwamba tovuti yoyote isiyotumia HTTPS, yaani muunganisho uliofichwa kwa cheti cha usalama, si salama, na mteja anayeliona onyo hilo hawezi kulaumiwa akiondoka. Ikiwa onyo limetokea kwenye tovuti iliyokuwa sawa, tazama kwanza tarehe ya cheti. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt kwa kawaida hudumu siku 90 na hujihuisha vyenyewe, ila kujihuisha hushindikana ikiwa jina limeelekezwa kwingine au rekodi ya DNS imebadilishwa. Ikiwa onyo linatokea kwa anayeandika www tu, cheti kilitolewa bila kuhusisha umbo hilo la jina. Ikiwa linatokea kwa mteja mmoja pekee, mwulize tarehe na saa ya simu yake, kwa kuwa simu yenye tarehe isiyo sahihi huviona hata vyeti vizuri kuwa vibovu. Na ikiwa cheti ni kizima ila alama ya usalama haionekani, kuna picha ndani ya ukurasa ambazo bado zinaitwa kwa anwani ya http ya zamani.

Tovuti inafunguka kwa taabu

Angalia kinachochelewa. Ukurasa ukibaki mweupe kwa sekunde kadhaa kisha vyote vikaja pamoja, tatizo liko kwenye seva: imeelemewa, iko mbali, au programu ya tovuti ina mzigo wa programu-jalizi, yaani vipande vya kuongezea kazi, zisizohitajika. Maandishi yakija upesi na picha zikijikokota, tatizo ni picha, na kwa biashara ndogo hapa mjini sababu ni hiyo ya pili kwa kiasi kikubwa.

Chukua mfano wa fundi samani wa Keko anayepakia picha 20 za makochi moja kwa moja kutoka kwenye simu. Picha moja ya megapikseli 12 inaweza kufikia megabaiti 4, kwa hiyo ukurasa mmoja unambebesha mteja megabaiti 80. Kwa mwendo wa megabiti 4 kwa sekunde, hizo ni sekunde 160, na bando la mteja limekatwa kabla hajaona bei. Picha zile zile zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP au JPEG kwa takriban kilobaiti 150 kila moja, ukurasa mzima unakuwa megabaiti 3 na kufunguka kwa sekunde 6 kwa mwendo huo huo, na jicho la mteja haliwezi kuona tofauti kwenye simu. Kazi hii haihitaji seva ghali zaidi, na ni makosa kumshauri mteja anunue kifurushi kikubwa cha uhifadhi kabla ya kuifanya. Jaribu matokeo kwa simu ya bei nafuu, kwa bando, saa za jioni ambapo mtandao una watu wengi.

Barua pepe hazifiki

Barua zikiacha kuingia mara tu baada ya tovuti kuhamishwa, rekodi ya MX, yaani rekodi ya DNS inayoelekeza barua pepe, iliachwa nyuma. Aliyehamisha alibadilisha seva zote za majina, yaani zile zinazotunza rekodi za DNS, na rekodi za barua pepe zilizokuwa kwenye seva za zamani hazikunakiliwa. Ndiyo maana nakala ya rekodi zote za DNS ichukuliwe kabla ya uhamisho wowote, hata kama ni picha ya skrini tu.

Barua zikitoka lakini zikaangukia kwenye folda ya taka, kagua SPF na DKIM, rekodi za DNS zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwa anayeruhusiwa kutumia jina hilo. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wameongeza masharti kwa watumaji, na jina lisilo na rekodi hizi haliaminiwi. Jina moja linatakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Mtu anayeongeza ya pili kwa ajili ya huduma ya matangazo, badala ya kuiunganisha na ile iliyopo, huziharibu zote mbili.

Fomu ya mawasiliano ina kasoro yake ya pekee. Mteja anaandika ujumbe, anaona maneno ya kushukuru, na wewe hupati kitu. Mara nyingi fomu imepangwa kutuma barua kana kwamba imetoka kwenye anwani ya Gmail ya mteja, jambo ambalo seva za barua hulichukulia kama udanganyifu. Weka anwani ya tovuti yako kuwa mtumaji, na ya mteja iwe ya kujibia. Na kwa kuwa fomu inakusanya majina na namba za watu, kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023: omba taarifa unazozihitaji tu, na ueleze utazitumiaje.

Kuna dalili moja inayopotosha hata mafundi: tovuti inaanza kutoa makosa ya hifadhidata, wafanyakazi wanashindwa kupokea barua, na hakuna aliyebadilisha chochote. Tazama nafasi ya diski. Katika vifurushi vingi vya bei nafuu barua pepe na tovuti hugawana nafasi moja, na kisanduku cha mtu mmoja chenye viambatisho vya miaka mitatu kinaweza kuijaza yote mpaka hifadhidata ikose pa kuandika.

Ukurasa mweupe, kosa 500, au maudhui usiyoyajua

Kosa likitokea mara baada ya kusasisha kitu, kilichosasishwa ndicho cha kushukiwa. Kwenye WordPress, programu inayotumiwa kujengea tovuti nyingi, badilisha jina la folda ya programu-jalizi hiyo kupitia meneja wa faili. Tovuti ikirudi, umekipata chanzo. Usipojua kilichobadilika, rudisha nakala rudufu ya jana, ambayo isiwe imehifadhiwa kwenye seva ile ile, na ambayo uwe umewahi kuijaribu kuirudisha.

Ikiwa Google inaonyesha kurasa za dawa au kamari chini ya jina lako, tovuti imedukuliwa. Kufuta kurasa hizo pekee hakusaidii, kwa sababu mlango ulioingiliwa bado uko wazi. Rudisha nakala ya kabla ya tukio, badilisha manenosiri yote pamoja na la hifadhidata na la paneli ya uhifadhi, sasisha kila kitu, na uondoe mandhari (kifurushi cha mwonekano wa tovuti) au programu-jalizi yoyote ya kulipia iliyopatikana bure kwa njia za panya; hizo ndizo zinazokuja na mdukuzi ndani yake.

Wateja hawaioni, au wanaiona na hawapigi

Andika site: ikifuatiwa na jina lako kwenye Google. Ikiwa hakuna kinachotokea na tovuti ina zaidi ya wiki chache, kagua mpangilio wa WordPress unaoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe. Huwashwa wakati wa ujenzi na kusahauliwa. Ikiwa kurasa zinatokea lakini hakuna anayekuja, soma maandishi yako mwenyewe. Mteja anatafuta "makochi Keko" au "fundi friji Sinza", wakati ukurasa wako unasema tu kwamba mnatoa suluhisho bora kwa wateja wote. Taja bidhaa, taja eneo, eleza ulipo kwa alama ambazo abiria wa daladala anazijua, na weka bei au angalau kiwango cha kuanzia.

Mwisho, bonyeza mwenyewe kila kiungo cha mawasiliano ukiwa kwenye simu ambayo haijahifadhi namba yako. Kitufe cha WhatsApp kinachodai kwamba namba haipo karibu kila mara kimeandikwa kwa sifuri ya mwanzo. Kiungo cha wa.me kinahitaji namba inayoanza na 255, bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Na ikiwa namba ya simu ni sehemu ya picha ya bango, mteja hawezi kuibonyeza wala kuinakili; iandike kama maandishi, juu kabisa ya kila ukurasa.